Kizimba cha ghorofa mbili cha kando ya barabara: kinamfaa simbilisi?

Anayenunua simbilisi (guinea pig) Nairobi kwa mara ya kwanza mara nyingi huuziwa kifurushi kile kile: kizimba cha mbao cha ghorofa mbili chenye sakafu ya wavu, chupa ya maji ya kuning'iniza, mfuko wa peleti za sungura na gunia la maranda. Muuzaji hadanganyi. Kila kilichomo ni kitu cha maana, ila kimekusudiwa sungura, na tofauti ya wanyama hawa wawili huonekana miguuni, tumboni na kwenye fizi. Hapa tunakipima kifurushi hicho kitu kwa kitu: kipi kilipiwe, kipi kirekebishwe, kipi kiachwe pale pale.

Tuanze na kizimba, maana ndicho kinachokula pesa nyingi. Chukua cha futi 3 kwa futi 2. Muuzaji atakuhesabia futi za mraba 6 chini na 6 juu, jumla 12. Hesabu hiyo ni ya sungura. Simbilisi hukimbia kwenye tambarare. Hapandi wala haruki, na ngazi ikiinama zaidi ya nyuzi 30 hivi huikwepa au huanguka nayo. Kwa hiyo ghorofa ya juu mara nyingi hubaki kuwa stoo ya kinyesi. Simbilisi wawili wanahitaji sakafu moja isiyokatika ya futi za mraba 7.5 kwa uchache, na 10 au zaidi ndiyo afadhali, hasa wakiwa madume, kwa sababu madume wakibanwa huanza kuumana. Usijibane kwa kununua mmoja ili nafasi itoshe. Simbilisi ni mnyama wa kundi. Uswisi iliandika jambo hilo kwenye kanuni zake za ustawi wa wanyama mwaka 2008, ikakataza kumfuga akiwa peke yake.

Kasoro kubwa zaidi ni sakafu ya wavu. Unyayo wa sungura una manyoya mazito. Wa simbilisi ni uchi. Uzito wake wote, gramu 700 hadi 1,200 akikomaa, hukaa juu ya nyuzi za chuma mchana na usiku. Ngozi huanza kuwa nyekundu, kisha inakuwa ngumu, inapasuka, bakteria wanaingia, na kidonda hicho huchukua miezi kupona kama kitapona. Wadogo nao hutumbukiza mguu kwenye tundu, wakashtuka, wakauvunja. Fundi atasema wavu unasaidia mkojo kupita. Ni kweli, na ndiyo faida yake pekee.

Kama kizimba umeshakinunua, kinaokoleka. Kata plaiwudi ya milimita 9 ienee sakafu nzima ya chini, kisha itandike kapeti ya plastiki ya kipande kimoja, kingo zake zikunjwe juu ukutani sentimita 10 hivi na kubanwa kwa vipande vya mbao. Usiache plaiwudi tupu: hunyonya mkojo, na ikishanuka haiwi safi tena hata ukiisugua vipi. Kagua pia rangi au vanishi. Simbilisi hutafuna kila ukingo wa mbao anaoufikia, kwa hiyo upande wa ndani uwe mbao ghafi. Kizimba kama kinavyouzwa tunakipa 3 kati ya 10. Kikishawekewa sakafu, 5. Hakipandi zaidi ya hapo kwa sababu nafasi bado ni ndogo.

Kwa bei isiyozidi ya kizimba hicho mtu anaweza kupata kitu bora zaidi, tena bila fundi. Wachapishaji wa mabango hutumia bango la plastiki lenye mifereji ndani, jepesi, lisilopitisha maji. Shiti zima huwa futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244. Kata kipande cha sentimita 100 kwa 170. Chora mstari sentimita 15 kutoka kila ukingo, upitishe kisu juu ya mstari bila kutoboa upande wa pili, kata pembe nne kisha kunja kuta zisimame, ule mkato ukiwa upande wa nje. Utapata trei ya sentimita 70 kwa 140, karibu futi za mraba 10.5. Pembe zifungwe kwa utepe wa gundi kwa nje tu, kwani wa ndani utaliwa. Kisha zungushia wavu wa kuchomelea wenye matundu ya inchi 1, kimo cha sentimita 35. Unahitaji mita 4.2 na chache za kupishana. Gikomba na Kamukunji wavu huo unauzwa kwa mita. Ukipewa BRC ya ujenzi, ule wavu wa chuma wa kuimarisha zege, kataa: matundu yake ni makubwa, simbilisi mdogo atapita, na mkubwa atakwama shingo akijaribu kumfuata. Ncha zilizokatwa zielekezwe nje na zipigwe tupa. Hii tunaipa 9, na alama moja imepungua kwa sababu haina kifuniko. Nyumba yenye paka au mtoto mdogo itahitaji fremu ya wavu juu yake.

Mahali pa kuweka ni ndani ya nyumba. Wauzaji husema kizimba ni cha nje, na kwa sungura wa Kiambu huenda ni sawa, lakini nje Nairobi kuna mwewe wanaozunguka juu ya mitaa, paka wa ploti na panya wanaopenya wavu wa kuku. Maeneo yenye bustani na udongo mwekundu yana siafu pia, ambao hummaliza mnyama aliyefungiwa kwa usiku mmoja. Asiye na budi kuweka nje aisimamishe miguu ya kizimba kwenye mikebe yenye oili chafu na ahakikishe hakuna tawi wala kamba inayogusa kizimba, kwani siafu huvuka hapo hapo. Joto linalomfaa simbilisi ni nyuzi 18 hadi 24. Likipita 28 anaanza kuhema, na chini ya mabati ya Februari mchana linapita. Roshani inayopigwa na jua la jioni ni hatari kuliko baridi ya Julai, ambayo anaivumilia akiwa mkavu na ana nyasi nyingi za kujifukia. Asikae jikoni penye jiko la makaa wala chumba cha dawa ya mbu ya kuwasha. Mapafu yake ni mepesi kuugua.

Gunia la maranda: 4 kati ya 10, na inategemea lilikotoka. Maranda ya karakana mara nyingi ni mchanganyiko wa msonobari, saipresi na vumbi la mbao za kubandikwa kwa gundi. Ile harufu nzuri ya msonobari mbichi na mtarakwa ndiyo hasa kemikali inayowasha njia ya hewa. Ukilazimika, chagua vipande vikubwa vilivyokaushwa vizuri, visivyonukia, uvichekeche vumbi litoke, na kamwe usichukue unga wa msumeno. Njia nyingine ni blanketi za flisi za mitumba. Zioshe mara tatu au nne kwa maji moto bila dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo huziba nyuzi na mkojo utabaki juu. Tandika taulo kuukuu chini na flisi juu: mkojo unapita, taulo linanyonya, miguu inabaki mikavu. Fagia kinyesi kila siku, badilisha kila siku tatu au nne. Ule ukoko mweupe unaobaki kwenye plastiki ni chokaa ya mkojo. Siki nyeupe ikikaa juu yake dakika kumi inatoka bila kusugua kwa nguvu.

Sasa kwenye chakula, ambapo kifurushi kinaanguka kabisa: hakina nyasi kavu. Nyasi kavu ndiyo karibu chakula chote cha simbilisi. Meno yake, pamoja na magego, hukua maisha yote, na kinachoyasaga ni kule kutafuna nyasi kwa saa nyingi. Zikikosekana, magego ya chini hurefuka yakauinamia ulimi, mnyama anasogelea chakula na kukiacha, anadondosha mate, anakonda. Tumbo nalo likisimama, gesi hujaa. Nyasi ziwepo wakati wote, usiku na mchana, bila kupimwa.

Nairobi jibu ni robota la Boma Rhodes, aina ya nyasi za malisho, linalouzwa kwenye agroveti nyingi (maduka ya pembejeo na dawa za mifugo) na kwa wauzaji wa malisho ya ng'ombe. Fungua robota kabla ya kulipa. Ndani kuwe na ukijani na majani, si mabua matupu ya manjano. Likinuka uvundo au likitoa vumbi jeusi, limevunwa likiwa na unyevu na lina ukungu. Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, hili hutokea sana. Lihifadhi juu ya mbao, lisiguse saruji, ndani ya gunia linalopitisha hewa wala si nailoni. Lusani, au alfalfa, ambayo muuzaji ataisifu kwa kuwa ni ghali, iwe kwa wachanga na majike wenye mimba. Mkubwa akiila kila siku, kalsiamu yake inaishia kuwa mawe kwenye kibofu.

Peleti za sungura zinapata 2. Mwili wa sungura hujitengenezea vitamini C. Wa simbilisi hauwezi, kama wetu. Watengenezaji wa chakula cha sungura hawana sababu ya kuiongeza. Mnyama anayelishwa peleti hizo na maji tu huanza kiseyeye baada ya wiki mbili hivi: manyoya yanasimama, viungo vinakakamaa, anapiga kelele akiguswa, fizi zinavuja damu. Hata peleti halisi za simbilisi hupoteza vitamini hiyo kadiri zinavyokaa, kwa hiyo soma tarehe ya kutengenezwa, si ya kuisha tu, na ulizie za chini ya siku 90. Kiasi ni kijiko kikubwa kimoja au viwili kwa kila mmoja kwa siku, basi.

Vitamini yenyewe iko kwa mama mboga. Mahitaji ni miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mwenye mimba akihitaji kile kiasi cha juu. Hoho nyekundu ina zaidi ya miligramu 100 katika gramu 100, kwa hiyo kipande cha gramu 25, karibu robo ya hoho ndogo, kinamtosheleza mmoja. Ya kijani inafaa pia, ongeza kidogo. Sukuma jani moja, dania na majani ya matembele yanazungushwa kwa zamu. Spinachi na terere ziwe mara moja moja kwa sababu ya oksaleti, kemikali inayochangia mawe ya kibofu. Kabeji nyingi huleta gesi. Vitunguu, parachichi, majani ya viazi mviringo na ya nyanya, hapana. Managu tunayaacha nje pia, maana ni jamii hiyo hiyo ya mnavu. Karoti ni peremende yake, kipande tu. Usitie matone ya vitamini kwenye chupa ya maji: mwanga huyaharibu, na ladha ikibadilika anaacha kunywa.

Chupa yenyewe haina shida kubwa, 7. Ining'inizwe mdomo wake ukiwa sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, na kila asubuhi gusa ile golori ya mdomoni kwa kidole uone kama maji yanatoka; hukwama, na chupa iliyojaa inakudanganya kuwa hana kiu. Bakuli zito la udongo liwe la akiba.

Kuhusu wanyama wanaouzwa pamoja na kizimba, tazama mambo mawili kabla ya kulipa. La kwanza, wasiwe wamechanganywa na sungura. Sungura hubeba bakteria wa Bordetella bila kuugua, na bakteria hao humpa simbilisi nimonia. La pili, pindua kila mmoja uthibitishe jinsia: bonyeza polepole juu ya sehemu ya uzazi, dume atachomoza uume, jike ataonyesha umbo la herufi Y. Wanaouzwa kama majike wawili mara nyingi si majike wawili. Dume wa wiki tatu anaweza kuzalisha, mimba huchukua siku 59 hadi 72, na jike hupata nyingine saa chache baada ya kuzaa. Aliyefika miezi minane bila kuzaa asipandishwe kabisa, mifupa ya nyonga huwa imeungana na kuzaa kunaweza kumuua.

Nunua mizani ya jikoni ya dijitali. Haimo kwenye kifurushi, lakini inafaa kuliko ghorofa ya juu. Mpime kila wiki saa ile ile. Gramu 50 zikipungua, angalia meno na kinyesi. Asilimia 10 ya uzito ikipotea, au akikaa saa 12 bila kula, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Usimpeleke kwa anayeuza dawa za kuku. Sindano ya penisilini, ambayo agroveti nyingi huitoa kwa kila kikohozi, na amoksilini ya kumeza huua bakteria wema wa utumbo wa simbilisi, wabaya wanajaa, naye hufa kwa sumu yao ndani ya siku chache. Tafuta daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, au uliza Upper Kabete, kilipo kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Swali la kwanza kwa daktari yeyote liwe hili: utampa dawa gani ya bakteria? Akijibu penisilini, mshukuru uondoke.