Bofya kulia, pita mlango kwa mlango: uzoefu wangu na Tracker, programu ya faili ya mfumo endeshi wa Haiku

Kazi yangu ni unukuzi. Nasikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno. Faili zenyewe zimepangwa kwa ngazi: folda ya mradi, ndani yake mwaka, kisha mwezi, kisha mhojiwa, na mwisho kabisa sauti na maandishi yake. Kutwa nzima ni kuingia na kutoka humo. Ndiyo maana menyu inayochomoza ninapobofya kulia si jambo dogo kwangu. Naigusa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye kompyuta, ukiacha kibodi.

Kwa miaka mingi nilitumia programu ya faili ambayo sitaitaja jina. Kila programu mpya niliyoweka ilijichomeka kwenye menyu yake ya kubofya kulia: ya kubana faili, ya kukagua virusi, ya kutuma faili mtandaoni. Menyu ikarefuka, na safu zikawa zinahama. Siku moja, baada ya sasisho, mahali nilipozoea kukuta "Fungua kwenye kichupo kipya" palikuwa na "Futa". Nilibofya bila kutazama, na folda ya mhojiwa mzima ikaenda kwenye pipa la taka. Niliirudisha, lakini moyo ulidunda. Nilijifunza hapo kwamba mkono hausomi maandishi. Mkono unakumbuka mahali. Menyu inayohamisha safu zake inaufundisha mkono kazi, halafu inaugeuka.

Kilichonikera zaidi ni kwamba menyu ile ilikuwa ya vitendo peke yake. Nakili, kata, futa, badilisha jina. Kama ninachotaka ni kwenda mahali, ilinirudisha kwenye kubofya mara mbili, dirisha, kubofya mara mbili tena, dirisha jingine, ngazi baada ya ngazi.

Nilikutana na Tracker nilipojaribu mfumo wa Haiku kutoka kwenye fleshi. Tracker ndiyo programu ya faili ya Haiku, na ina historia ndefu. Ilizaliwa ndani ya BeOS, mfumo wa kampuni ya Be ambayo Jean-Louis Gassée aliianzisha mwaka 1990. Be iliuza mali zake kwa kampuni ya Palm mwaka 2001, lakini msimbo wa Tracker ulikuwa tayari umeachiwa huria, na watu walioupenda mfumo ule wakaanza kuujenga upya mwaka huohuo. Jina la Haiku lilikuja 2004. Toleo nililotumia ni beta ya tano, ya Septemba 2024.

Ukibofya kulia kwenye folda ndani ya Tracker, safu ya kwanza kabisa ni jina la folda yenyewe, na pembeni yake alama ya mshale. Peleka kishale cha mausi pale, na vilivyomo ndani vinafunguka kama menyu ndogo. Kila folda iliyomo nayo ina mshale wake. Unateremka hivyo, mlango kwa mlango, bila kufungua dirisha hata moja, hadi ufike kwenye unachokitaka. Ukikibofya, kinafunguka.

Asubuhi yangu ya kwanza nayo ilikwenda hivi. Nilibofya kulia kwenye ikoni ya diski, nikapita folda ya mradi, nikapita 2023, nikapita Machi, nikamwona mhojiwa wa saba, nikabofya faili ya sauti. Ikaanza kucheza. Ukiacha kidirisha cha kichezaji chenyewe, kwenye skrini hapakuwa na dirisha lolote la folda la kufunga baadaye. Nilikaa nikaitazama skrini ile karibu tupu kwa muda, kwa furaha kabisa.

Utaratibu huohuo upo kwenye "Hamisha hadi", "Nakili hadi" na "Tengeneza kiungo". Unachagua faili, unabofya kulia, unapita folda kwa folda ndani ya menyu hadi unakotaka iende. Kwa mtu anayepanga mamia ya rekodi, hapa ndipo muda unapookolewa kweli. Sifungui chanzo na lengo kisha nikaburuta faili kati ya madirisha mawili yanayofunikana.

Vinavyoongezwa na programu nyingine, kama ZipOMatic ya kubana faili, vimewekwa pamoja kwenye menyu ndogo ya viongezo. Havichomeki kati ya safu za msingi. Ule ugonjwa wa safu kuhama sijauona tena.

Kuna jambo moja ambalo yeyote anayebuni menyu za namna hii lazima alifikirie kwa makini, nalo ni mwendo wa kishale kuelekea menyu ndogo. Macho yanaona folda iko chini kulia, na mkono unakata kona moja kwa moja. Lakini njia hiyo ya mshazari inapita juu ya safu ya jirani, na kwenye programu isiyojali, menyu uliyokuwa unaiendea inajifunga na ya jirani inafunguka. Bruce Tognazzini, mbunifu wa violesura vya kompyuta, alipokuwa Apple, alilitatua kwa kuacha eneo la umbo la V ambamo kishale kinaweza kukata kona bila kuadhibiwa. Mwaka 1997 watafiti Johnny Accot na Shumin Zhai walionyesha kwa hesabu kwa nini jambo hili linachosha: kupitisha kishale kwenye njia nyembamba huchukua muda zaidi kadiri njia inavyorefuka na kadiri inavyobanana. Menyu ya ngazi tano ni vichochoro vitano mfululizo. Safu zikiwa nene kidogo, mkono unapumua.

Ndiyo maana nasema njia hii ina mpaka wake. Kwa folda yenye faili thelathini ni raha tupu. Kwa folda yenye faili mia nne, menyu inazidi urefu wa skrini, na hapo ni heri kufungua dirisha na kupanga kwa tarehe. Kwa padi ya kugusa ya laptopu pia inahitaji subira. Mimi naitumia na mausi, na nashauri hivyo kwa dhati.

Kurudi juu nako kumefikiriwa. Kwenye kona ya chini kushoto ya kila dirisha kuna hesabu ya vilivyomo. Ukiibofya hesabu hiyo, inatokea menyu ya folda mama zote hadi mwanzo wa diski, unaruka ngazi unayotaka. Kwa kibodi, Alt na kitufe cha mshale wa juu hukupandisha ngazi moja. Nilichukua wiki nzima kabla ya kuigundua ile kona, na ningependa sana safu za folda mama ziwepo pia kwenye menyu ya kubofya kulia, kwa kuwa ndipo mkono wangu unapokwenda kwanza.

Kama unataka kujaribu, huhitaji kugusa mfumo ulio nao. Haiku ni ya bure, inaandikwa kwenye fleshi na kuwashwa moja kwa moja kutoka humo. Ikishafunguka, nenda kwenye ikoni ya diski, bofya kulia, na usikimbilie chini kutafuta "Fungua". Anza na safu ya juu kabisa, ile yenye jina.