TAHADHARI: Anayechapa nembo kwenye fulana na vikombe, anauza picha tu

Ndugu zangu wenye biashara ndogo, vikundi na kamati za sherehe hapa Dar, someni hii kabla hamjatuma kianzio kwa fundi wa kuchapa mliyemwona mtandaoni.

Kikundi chetu cha VICOBA kilitimiza miaka 10 mwezi uliopita. Tulitaka fulana 60 na vikombe 40 vyenye nembo yetu. Jamaa mmoja anayesema yuko Kariakoo akatupa bei: fulana 12,000, kikombe 9,000. Siku hiyohiyo akatuma picha ya kikombe chenye nembo yetu, kimeshikwa mkononi, kinang'aa. Mimi ndiye katibu, mimi ndiye niliyewaambia wenzangu tumepata fundi. Tukatuma asilimia 70, shilingi 756,000, hela za akina mama wanaouza vitumbua na mboga. Jina lililotokea kwenye simu halikuwa la duka lake. Niliona, nikapuuza.

Mzigo ulikuja kwa bodaboda saa tatu usiku, kesho yake ndiyo sherehe. Tukalipa salio. Asubuhi, chai ya kwanza ilipomiminwa, nembo ikaanza kuinuka pembeni. Ilikuwa stika! Mama mmoja akaikwangua kwa kucha, ikabanduka yote kama ganda la yai la kuchemsha. Fulana nazo zilivaliwa siku ile tu. Nilipoifua yangu, kijani chetu kikabaki kivuli.

Nilikwenda kwa fundi mwingine, mtu mzima aliyeifanya kazi hii miaka mingi, akanielewesha. Kwenye sablimesheni, njia mojawapo ya kuchapa, wino hugeuka mvuke kwa joto la nyuzi kama 200 na kuzama ndani ya poliesta. Pamba haiushiki, na fulana zetu zilikuwa za pamba tupu. Hizo zilitakiwa zichapwe kwa skrini au DTF, yaani nembo huchapwa kwenye filamu kisha hugandishwa kwenye kitambaa kwa joto. Kikombe nacho lazima kiwe kimepakwa koti maalumu kabla ya kuchapwa, siyo kile cha kawaida cha dukani. Ukipitisha kucha juu ya nembo iliyochapwa hivyo, husikii ukingo wowote.

Kisha nikarudi kwenye ukurasa wa yule jamaa, nikaziweka picha zake pamoja. Nembo ya saluni, ya shule, ya kanisa: mkono ni uleule, kivuli kilekile, hata mkunjo wa kitambaa mezani haujabadilika. Anabandika nembo ya kila mteja kwa kompyuta. Hakuna kikombe pale.

Kwa hiyo usikubali picha. Dai kipande kimoja kilichochapwa nembo yako, hata kama utakilipia, ukifue au ukioshe nyumbani kwako ndipo utoe kianzio. Nembo mpe kwa faili la vekta, lile linalokuzwa bila kuharibika, maana picha ya WhatsApp ikikuzwa herufi hupasuka. Dai risiti ya EFD. Mzigo ukifika, fungua boksi mpaka chini kabla ya salio, bodaboda asubiri.

RB nimefungua kituoni na namba yake nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Ameshanibloku, lakini jana nimeuona ule mkono kwenye ukurasa wenye jina jipya. Kama nawe umepigwa hivi, njoo inbox na muamala wako tuuunganishe kwenye jalada hilohilo.