Farasi Ziwa Mburo: safari nzuri, ila kagua mshipi kwanza

Kwa anayetaka kuwaona wanyama bila mngurumo wa injini, matembezi ya farasi yanayoanzia Mihingo Lodge, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, ndiyo chaguo letu la kwanza Uganda. Pundamilia, swala pala na pofu humwona farasi kama mnyama mwenzao, hivyo mpandaji mtulivu huwakaribia vizuri sana. Hifadhi haina tembo, na hilo hupunguza hatari.

Kabla ya kuondoka, usikubali kuharakishwa. Pima vikuku, yaani vyuma vya kukanyagia miguu: weka ncha za vidole pale mkanda wa kikuku unapoanzia kwenye tandiko, kikuku kifike kwapani. Mshipi wa tumbo, ule unaoshika tandiko mgongoni mwa farasi, ukazwe mara mbili, kwani farasi wengi huvimbisha tumbo wanapotandikwa. Baada ya dakika chache za kutembea mshipi hulegea, na mpandaji akiegemea upande mmoja tandiko huzunguka naye. Vaa kiatu chenye kisigino kidogo. Raba bapa huteleza ikapenya kwenye kikuku, na ukianguka hivyo utaburutwa.

Njiani, visigino chini, hatamu mkononi bila kuvutavuta. Ukipanda kilima inama mbele. Kwenye mteremko kaa wima. Farasi akitaka nyasi, mzuie mapema, maana kichwa kikishafika chini kukiinua ni kazi. Acha nafasi ya farasi mmoja mbele yako. Farasi anayebanwa nyuma hupiga teke.

Anayeanza achague safari fupi ya asubuhi, kabla jua halijawa kali.