Uzoefu wangu wa kufanya kazi kampuni kubwa ya IT, mazuri yake na machungu yake

Naona watu wengi wanaulizana kama ni bora kuingia kampuni kubwa ya IT au ubaki zako kampuni ndogo. Mi nimefanya kote kuwili, kazi ya kuandika programu, kwahiyo naongea nilichokiona kwa macho yangu. Kampuni kubwa ni shule nzuri sana ila sio kila unachojifunza pale utaondoka nacho, na hili watu hawaambiwi mapema.

Kilichonifaidisha kuliko vyote ni kukaguliwa. Hakuna mstari wa programu unaoingia kwenye mfumo kabla mwenzako hajausoma, na anausoma kweli kweli, atakuuliza kwanini jina hili, majaribio yako wapi, na hii seva (kompyuta inayohudumia programu nyingine) unayoiita isipojibu itakuwaje? Mwanzoni inauma lakini baada ya muda unaanza kujiuliza mwenyewe hayo maswali kabla hujatuma. Kule kwenye kampuni ndogo tulikuwa tunaandika usiku, asubuhi iko kwa wateja, hakuna aliyesoma.

Halafu kuna ukubwa wenyewe wa kazi. Tatizo linalotokea mara moja kwenye maombi milioni (yani kila mara programu ya mtumiaji inapoiomba seva kitu), kampuni ndogo unaweza kumaliza mwaka hujaliona, ila mfumo unaopokea maombi milioni kwa dakika unalo kila dakika. Ndo pale nilipoelewa kwamba seva ikianguka halafu programu zote zikaanza kuigonga tena kwa pamoja zinaiangusha upya kabla haijakaa sawa, kwahiyo kila programu lazima isubiri kidogo, ikikosa isubiri zaidi, na muda wa kusubiri uwe wa kubahatisha ili zisigongane. Unaweza kulisoma hili popote, lakini ukiliona saa tisa usiku ukiwa kwenye zamu halikutoki tena. Na kesho yake mnaandika ripoti ya tukio bila kumtaja mtu wa kulaumiwa, swali ni kwanini mfumo uliruhusu kosa lile lipite, kwa kweli hili nililipenda sana sababu watu wanasema ukweli.

Hela iko vizuri sibishi, ila soma mkataba. Sehemu kubwa inaweza kuwa hisa na hisa hupewi zote siku moja, mpangilio uliozoeleka ni miaka 4 na mara nyingi ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha huambulii hata moja, na thamani yake inapanda na kushuka na soko.

Sasa machungu. Kubwa kwangu ni vifaa vya ndani. Kampuni hizi zina mifumo yao ya kujenga programu, kuirusha hewani, kuangalia afya yake, na huko nje haipo. Google kwa mfano ndani walikuwa na Borg, mfumo wa kupanga na kuendesha programu kwenye seva nyingi, kisha mwaka 2014 wakatoa Kubernetes, mfumo wa kazi kama hiyo, kwa watu wote, ni ndugu lakini sio kitu kimoja. Unaweza ukawa bingwa wa mfumo wa ndani, siku unaenda kwenye usaili sehemu nyingine unakuta hawajawahi hata kuusikia. Na kipande chako ni kidogo, yani badiliko la kitufe kimoja linapita kwa watu wa usalama, wa faragha, wanasheria, wabunifu, wiki zinakatika.

Kupanda cheo ndo kuliniudhi zaidi. Anayeanzisha kitu kipya anaonekana, anayetunza kitu cha zamani kisianguke haonekani, na hiyo ndo kazi inayofanya wateja walale. Meneja wako ndo anakusemea kwenye kikao ambacho we haupo, kwahiyo wakipanga timu upya katikati ya mwaka ukapewa meneja mwingine unaanza kujieleza upya.

Na ile imani kwamba kampuni kubwa ni kazi ya uhakika tuiache. Novemba 2022 Meta walipunguza watu zaidi ya 11,000, Januari 2023 Google wakatangaza kama 12,000, Microsoft 10,000, Amazon zaidi ya 18,000. Kwa idadi hizo usidhani ni wazembe tu walioondoka, kuna timu nzima zilifutwa.

Ukiitwa usaili uliza maswali ya timu, sio ya kampuni, manake utakapoishi ni kwenye timu. Zamu za usiku zinakuja kila baada ya muda gani na mnaamshwa mara ngapi? Meneja ana muda gani hapo? Vifaa mnavyotumia ni vya ndani tu au vipo na huko nje? Mtu wa mwisho kupandishwa cheo kwenye timu alifanya kazi gani? Hili la mwisho ndo usiliache, wakishindwa kulijibu mi ningeomba timu nyingine kabla sijasaini.