Uzoefu wangu: risasi za oda za .223, greini 75, kwenye upepo wa Tanga

Risasi hizi nimezisubiri miezi minne. Nililipia mwezi wa tatu, zikanifikia mwezi wa saba: boksi tatu, kila boksi risasi ishirini, na juu yake pameandikwa kwa kalamu tarehe ya kujazwa baruti na urefu wa risasi. Mpaka leo nimepiga 37, zimebaki 22 na moja nimeirudisha. Raifo yangu ninayo mwaka wa sita sasa na haijawahi kulenga hivi. Nimezipenda. Lakini zina masharti yake, na sharti moja likikupita utakuwa umetupa fedha baharini, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Kwa asiyeijua kaliba hii, .223 Remington ni risasi ndogo ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1964, ndugu mdogo wa .222 ya mwaka 1950. Kichwa chake kina kipenyo cha milimita 5.7. Nilizokuwa nikipiga siku zote ni za kiwandani zenye kichwa cha greini 55, yaani gramu 3.6. Kichwa hicho chepesi kinatoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 990 kwa sekunde, na kwa mita 100 sina neno baya la kukisema. Ukivuka mita 200 ndipo hewa inapokimaliza nguvu, na upepo wa ubavuni unakichukua unavyotaka. Sisi tunaoishi pwani upepo hatuna siku ya kuukosa.

Ndiyo maana niliagiza kichwa kizito: cha kampuni ya Hornady, greini 75, gramu 4.9, kirefu, chenye ncha nyembamba na mkia uliopunguzwa kama tezi ya dau ili hewa ipite nyuma yake bila kukivuta. Kinatoka taratibu zaidi, lakini kinaitunza kasi yake njiani. Viwanda hupima uwezo huo kwa namba, na kubwa ndiyo bora: kichwa cha V-Max cha greini 55, nacho cha Hornady, kina 0.255, hiki kina 0.395. Tofauti hiyo niliiona kwa macho yangu, nitafika huko.

Oda yenyewe ilipita kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni, na risasi zikajazwa Afrika Kusini kwa vipimo vya raifo yangu. Nimeulizwa na wenzangu kwa nini nisijaze mwenyewe nyumbani. Jibu ni kwamba kutengeneza risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mimi leseni yangu naithamini kuliko kundi zuri la matundu kwenye karatasi. Bei ilikuwa karibu mara tatu ya zile za kiwandani. Si risasi za kupiga ovyo.

Sasa lile sharti. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojipinda, nayo ndiyo inayokizungusha kichwa ili kiruke kimenyooka kama pia ya watoto inayosimama kwa sababu inazunguka. Kichwa kikiwa kirefu kinahitaji kuzungushwa haraka zaidi. Raifo yangu ya kwanza mtutu wake ulikuwa unazungusha mara moja kila inchi 12, kipimo kilekile cha M16 za zamani za Wamarekani zilizopiga greini 55. Mimi sikulijua hilo. Nilinunua risasi za kichwa kizito, nikapiga tano kwa mita 100, nikaenda kuitazama karatasi. Matundu mawili tu, tena si ya duara. Yalikuwa marefu kama mtu amechapa karatasi kwa ubavu wa msumari, na pembeni kuna alama nyeusi ya kichwa kilicholala. Vichwa vilikuwa vinapita kiubavu, vinabiringika hewani. Vile vingine vitatu mpaka leo sijui vilikwenda wapi, na hilo ndilo lililonitisha. Raifo ile niliirudisha kwa muuzaji.

Hii ya sasa inazungusha mara moja kila inchi 8. Kabla ya kuagiza niliipima mwenyewe, na kila mwenye raifo anaweza kufanya hivyo sebuleni kwake. Hakikisha silaha haina kitu, toa bolti, lile komeo la nyuma ya mtutu. Funga kitambaa kwenye fimbo ya kusafishia kiwe kimebana vizuri mtutuni, bandika kipande cha utepe kwenye fimbo kama kibendera, kisha sukuma polepole huku ukiacha mpini uzunguke wenyewe. Kibendera kikitoka juu na kurudi juu, pima fimbo imeingia kiasi gani. Yangu ilisoma inchi 8 kasoro kidogo, nikarudia mara tatu. Kwa greini 75 hicho ndicho kipimo cha kutafuta. Ukikuta 12, baki na 55 na usimsikilize muuzaji.

Nilizijaribia kwenye barabara ya ndani ya shamba la mkonge, upande wa kwenda Pangani. Meneja aliniruhusu kwa maandishi, polisi wa wilaya nikawapelekea barua, na mwenyekiti wa kijiji akawatangazia watu wasikatize asubuhi ile. Barabara imenyooka kama rula, mwisho wake kuna kilima cha udongo mwekundu kinachomeza kila kitu. Inaelekea kaskazini, bahari iko kulia kwako. Kumbukeni hilo.

Nilikwenda na mjomba wangu, mvuvi wa Kigombe aliyestaafu nyavu lakini hajastaafu upepo. Bunduki hashiki. Nilimwomba aje kwa ajili ya hewa tu, na nimefurahi alikubali, kwa sababu kipima upepo changu cha mkononi kinanipa namba ya pale niliposimama. Mjomba ananiambia upepo unaokuja.

Kwa mita 100 nilipiga makundi matatu ya tano tano. Kundi bovu lilikuwa sentimita 2.6 toka tundu la mwisho huku hadi la mwisho kule, zuri 1.9. Za kiwandani siku hiyohiyo, mtutu uleule, zilinipa sentimita 4 na kitu. Kipima kasi kilisoma wastani wa mita 838 kwa sekunde, tofauti ya yenye kasi kuliko zote na ya polepole kuliko zote ikiwa mita 9. Mtengenezaji aliandika 850. Silalamiki: hesabu yake ni ya mtutu wenye urefu wa inchi 24, wangu ni 22, na mtutu mfupi huipa baruti nafasi ndogo ya kusukuma.

Tukarudi nyuma mpaka mita 300. Saa mbili na nusu asubuhi upepo wa umande ulikuwa bado unavuma toka bara, hafifu, unatupiga shavu la kushoto. Nikataka kuanza. Mjomba akaniwekea mkono begani.

"Ngoja mwanangu. Umande huu unakata sasa hivi."

"Utachukua muda gani, mjomba?"

"Tazama ile milingoti. Ikisimama, piga. Usipoteze muda, matlai iko njiani."

Milingoti ya mkonge uliochanua ilikuwa inatikisika vichwa. Baada ya kama robo saa ikatulia yote, mpaka vumbi la pikipiki iliyopita mbali likabaki limening'inia. Darubini nilikuwa nimeipandisha vituo 15, kila kituo kikiwa sentimita 1 kwa mita 100, yaani 3 kwa mita 300. Jumla sentimita 45, kwa kuwa ndivyo kichwa kinavyoshuka mpaka huko ukiwa umelinganisha kwa mita 100. Nikapiga kumi taratibu. Nilipoifikia karatasi nilipiga magoti kwenye udongo nikaweka rula: sentimita 8 kwa zote kumi, saba kati yake ndani ya duara la kikombe cha kahawa. Nilikaa pale chini muda mrefu kidogo. Miaka yote nimedhani mkono wangu ndio mbovu kwa masafa yale.

Matlai ikaingia kama alivyosema mjomba, toka baharini, ubavu wa kulia. Kipima upepo kilisoma mita 4 kwa sekunde na hakikuyumba sana. Hapo nikafanya jaribio ninalotaka mlishike: sikurekebisha chochote, nikalenga katikati, nikapiga tano za oda, kisha tano za kiwandani kwenye karatasi ya pili, baada ya kuilinganisha darubini upya kwa ajili ya mshuko wake. Za oda zilisogea kushoto sentimita 21. Za kiwandani zilisogea 31, tena zimetawanyika, kwa kuwa kila pumzi ya upepo ilizichukua kivyake. Huo ndio upepo wa kawaida wa Tanga saa nne asubuhi, si dhoruba. Kichwa kilichotoka mtutuni polepole zaidi, kwa tofauti ya mita 150 kwa sekunde, ndicho kilichopeperushwa kidogo.

Joto nalo lina habari yake, na hapa kosa ni langu. Boksi moja niliiacha kwenye kiti cha gari, vioo vimefungwa, mpaka saa sita. Nilipozichukua risasi zilikuwa za moto mkononi. Nikapiga tatu. Ya kwanza ilisoma mita 856, ya pili 861, na bolti ikawa nzito kuinua. Ya tatu nililitazama ganda: fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, imesawazishwa bapa, kingo zake hazionekani kabisa, wakati za asubuhi zilikuwa na mviringo mzuri. Baruti ikipata joto inaungua kwa nguvu zaidi, na risasi iliyojazwa karibu na kikomo haina pa kuipeleka nguvu hiyo ila kwenye bolti na uso wako. Niliacha papo hapo. Sasa zinakaa kwenye kikapu cha ukindu, chini ya kivuli, na nikipiga sikai na risasi kwenye chemba ya moto nikisubiri upepo.

Kasoro zake ziko mbili. Zimejazwa ndefu, na katika 60 nimekuta 11 haziingii kwenye magazini. Naziingiza moja moja kwa mkono. Kwa shabaha za utulivu hainisumbui, lakini nililipia vipimo vya raifo yangu na magazini ni sehemu ya raifo. Ya pili, ganda moja lilifika shingo imebonyea. Sikulipiga, nimelirudisha. Muuzaji alichelewa kunijibu wiki nzima, na hilo halikunipendeza, ila alipojibu alikubali kulibadilisha.

Kama unapiga mita 100 tu, usinunue. Za kiwandani zinatosha na fedha itabaki. Kama una mtutu unaozungusha kila inchi 8 na mahali salama pa mita 300, agiza, na mwambie akupunguzie urefu ziingie kwenye magazini. Mimi nimeagiza nyingine 60 kwa maelekezo hayo. Meneja amekubali nisogee mpaka mita 400, na mjomba ameniambia tufike pale kabla jua halijapanda, umande ukiwa bado haujakata.