Mazda MX-5 ndani ya Nürburgring: hii pedali ya mafuta, jamani!

Wadau, karibuni tena. Mazda MX-5 kizazi cha nne, kigari cha viti viwili chenye paa la kukunja, injini lita 2.0, gia za mkono. Farasi 184, injini inapanda mpaka mizunguko 7,500 kwa dakika, uzito tani moja na ushee. Hayo mnayajua, sitawachosha. Nimekuja na mambo mawili tu: jinsi hiki kigari kinavyolala kwenye kona kama ngalawa iliyopigwa wimbi la ubavuni, na pedali yake ya mafuta. La kwanza linanikera. La pili, subirini.

Uwanja ni Nordschleife, pale Nürburgring, Ujerumani. Kilomita 20.8, njia ya tangu 1927, kutoka bondeni hadi juu kabisa karibu mita 300, na kona hata wanaozihesabu hawakubaliani idadi. Kwenye gari lenye nguvu nyingi, ukiharibu kona unakanyaga mafuta, mwendo unarudi, unajiona dereva. Hapa hakuna hiyo. Mwendo ulioumwaga kwenye kona ya Hocheichen utautafuta kilima kizima mpaka Flugplatz na hutauona. Kwa hiyo kazi yote ni kutokuumwaga.

Haya, kamera ya miguuni. Tazameni pedali ya mafuta. Haining'inii kutoka juu kama ya breki na klachi. Bawaba yake iko chini, sakafuni. Mtu atasema, kwani ina tofauti gani? Ina tofauti kubwa, angalia soli. Pedali inayoning'inia inapoingia ndani, njia yake inapishana na njia ya mguu, kwa hiyo kiatu kinateleza juu ya uso wa pedali. Kidogo tu, lakini unapotaka kupima mafuta kwa milimita, huko kuteleza ndiko kunaleta mitikisiko. Hii ya sakafuni inaenda sambamba na mguu. Kisigino kimetulia, kifundo kinafanya kazi, soli haisogei.

Sasa faida yake kwenye breki. Tunatoka Schwedenkreuz, kona ya kushoto ya mwendo mkali sana, na mbele kuna Aremberg, ya kulia, ambayo inataka breki za kweli. Unashusha gia kutoka ya tano hadi ya tatu huku unafunga breki. Usipolinganisha mzunguko wa injini na wa matairi, ukiachia klachi injini inayavuta matairi ya nyuma, na wakati huo uzito wote umekimbilia mbele, nyuma kumekuwa kwepesi kama karatasi. Mkia unatoka kabla hata hujageuza usukani. Ndiyo maana tunapiga resi kidogo katikati ya breki.

Fuateni mguu wa kulia. Kifuko cha unyayo, hapa chini ya kidole gumba, kiko ukingo wa kulia wa breki. Nakanyaga, breki inashika, nashikilia. Klachi ndani. Gia kutoka ya tano kwenda ya nne. Sasa naubiringisha mguu upande wa kulia, huu ukingo wa nje wa kiatu unagusa mafuta, vup, injini inapanda, klachi natoa. Narudia kwa gia ya tatu. Umeona kifuko cha unyayo? Hakijasogea. Nitairudisha polepole muone tena. Hapo, simamisha. Mguu umelala kama ukurasa unaofunguliwa, lakini breki ni ileile.

Wanaoanza wanakosea hapohapo: wanapotafuta mafuta, mguu unaisukuma breki zaidi. Pua inazama, inarudi, inazama tena, na matairi ya mbele hayajui yashike kiasi gani. Kosa la pili ni kujaribu hili kwenye breki za upole mjini. Breki ikikanyagwa kidogo inabaki juu, mafuta yako chini kabisa, mguu haufiki, halafu mtu analaumu gari. Zikikanyagwa sawasawa ndipo pedali mbili zinalingana kimo. Zoezi: gari limesimama, injini inawaka, gia huru. Kanyaga breki kwa nguvu halisi, kisha piga resi mpaka 3,000 mara ishirini. Breki ikitikisika chini ya mguu, anza upya. Na vaeni kiatu chembamba; buti la kupandia mlima halisikii kitu.

Kabla sijasahau: mlilalamika kwamba upepo ulimeza maneno video iliyopita. Maikrofoni sasa iko ndani ya kofia. Sauti ina mvumo kidogo, vumilieni. Na kama bado hujabonyeza kengele, bonyeza.

Watu wataniandikia: mbona usichukue Alpine A110? Gari tamu, injini katikati, farasi 252 ilipotoka 2017, uzito unakaribiana na huyu. Ila ina pedali mbili. Gia zinajibadilisha zenyewe, hakuna klachi, na somo lote nililotoa sasa hivi halina kazi. Toyota GR86 nayo ina pedali tatu, ina paa gumu, bodi yake inalala kidogo kuliko hii, lakini inabeba zaidi ya kilo 200 za ziada, na kwenye breki kilo hizo unazilipia kwa pedi na matairi. Lotus Elise ya 1996, kilo mia saba na kitu, hiyo tuiache, wivu utaniharibia video.

Turudi kwenye kero. Kamera ya mbele. Mnaziona hizi nundu mbili za mabodi juu ya matairi? Ukiwa kitini unaziona zote, na ndizo kipimo chako. Naingia Hatzenbach, kushoto, kulia, kushoto. Mikono ikienda haraka, nundu ya nje inadondoka, gari linalala, na kabla halijatulia nimeshaligeuza upande mwingine. Hapo nyuma inachelewa, halafu inakuja yote kwa mkupuo. Mara ya pili, gari lilelile, mwendo uleule, nageuza usukani kama nakunja kitambaa chenye maji. Nundu inashuka taratibu, inakaa, ndipo naongeza pembe. Breki naziachia kwa kiasi kilekile ninachogeuza usukani, si kuziachia ghafla, maana ukiziachia ghafla pua inainuka na matairi ya mbele yanapoteza mshiko wakati unayahitaji kuliko wakati wowote.

Kuanzia toleo la 2022 Mazda waliweka mfumo unaobana breki kidogo mno kwenye tairi la nyuma la ndani ya kona, ili bodi ivutwe chini upande huo. Unasaidia, na haukuongeza uzito. Bado linalala. Nilikuwa nimejiandaa kusema badilisheni springi siku hiyohiyo ya kununua.

Lakini njooni Karussell. Unapanda mlima, kona ya kushoto huioni, unadondosha matairi ya kushoto kwenye mtaro wa zege, na mabamba yake yanagonga mgongo mfululizo. Gari lenye springi ngumu linarukaruka, tairi liko hewani nusu ya kona. Hili linameza. Usukani shikilia bila kuuminya, usiusahihishe kila bamba linapogonga, kisha toka mtaroni kabla zege haijaisha, vinginevyo ukingo unakurusha nje. Fuchsröhre nayo, kule bondeni, uzito wote unakandamizwa chini na springi zinafika mwisho. Hapo springi laini ni hasara, nakubali, na dawa ni kutogusa chochote kwa ghafla: usukani mmoja, mafuta yaleyale, breki baadaye gari likishapumua kwenye mpando, kabla ya zigizaga za Adenauer Forst zinazowanasa wengi.

Basi springi ziacheni kwanza. Pesa ya mwanzo iende kwenye mafuta ya breki na pedi. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu, kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Mteremko wa Wehrseifen kwenda Breidscheid ndio unaoumbua. Pedali ya breki ikiwa ndefu na laini, mafuta ya breki yamechemka. Ikiwa ngumu lakini gari halisimami, pedi zimezidiwa joto. Ni magonjwa mawili tofauti, msiyachanganye. Ukirudi maegeshoni, usivute breki ya mkono diski zikiwa za moto; weka gia.

Bei ya gari mtaitafuta wenyewe, ila bima isomeni mstari kwa mstari: nyingi haziigusi Nordschleife, na ukigonga reli ya pembeni unaletewa bili ya reli. Siku za wazi kwa umma sheria za barabarani zinafanya kazi, unampita mtu kushoto tu, na kujipima muda ni marufuku. Kwa hiyo saa acheni nyumbani, mna nundu mbili mbele yenu.

La mwisho ni matairi. Kila nyuzi 10 za joto zinaongeza presha kama 0.1 bar, kwa hiyo anzeni chini ya ile ya kawaida, pimeni tena mkitoka yakiwa ya moto. Halafu tazameni bega la nje: matairi mengi yana alama ndogo ya pembetatu ubavuni. Likiwa limeliwa kuipita, ongezeni presha kidogo na mrekebishe mlalo wa matairi ya mbele, yaani yainame ndani kwa juu, nyuzi 1.5 hasi zinatosha kuanzia. Pigeni picha ya bega hilo muweke kwenye maoni, na presha mwandike. Picha isiyo na presha siitazami.