Niliomba mashine ya korosho, nikaletewa ya saruji

"Mwite baba hapo niongee naye."

Hivyo ndivyo nilivyojibiwa na muuzaji niliyemlipa hela yangu, ya mkopo uliotoka kwa jina langu, kwa ajili ya banda la kubangulia korosho ambalo ni langu, hapa Masasi. Na huyo baba anayemtaka ni mwalimu wa Kiswahili. Mashine anayoiweza ni pasi.

Ngoja nianze mwanzo, nikiandika na hasira hizi nitaruka mambo.

Msimu uliopita kazi ilituzidi. Kutoka kwenye tanuri la kukaushia mpaka meza za kumenyea, akina mama walikuwa wanabeba punje kwa beseni, nenda rudi kutwa nzima. Nikasema ninunue konveya, mashine ya kuhamishia mzigo. Nikapiga simu Dar, nikamwambia jamaa nataka ya kubebea korosho. Hakuuliza swali hata moja. Ni ghafi au zimebanguliwa? Zinapanda juu au zinakwenda usawa? Hakuna. Akanitumia picha ya bomba lenye skrubu ndefu ndani, inazunguka huku inasukuma mzigo mbele. "Hii kiboko mama, inabeba chochote." Nami nikaingia kingi. Lori likaishusha njia panda ya Mnazi Mmoja kwa kuwa dereva alikuwa anaendelea Mtwara, nikakodi gari lingine kuileta Masasi.

Fundi wetu akaifunga, akawasha. Mabinti wakaibatiza palepale: Nyoka. Tukamimina beseni moja la punje zilizotoka kukaushwa, nami nikakaa mdomoni kwa Nyoka nimekinga viganja. Kilichotangulia kutoka ni unga. Unga! Zikafuata nusu, vikafuata vipande vya saizi ya karanga za kashata, na katikati yake punje nzima mojamoja kama zimepotea njia. Nikaokota moja, upande mmoja mzima kabisa, upande wa pili umesagika kama umepitishwa kwenye jiwe.

Hapo hata mimi nisiyesomea ufundi nikaelewa. Punje tunaikausha ili lile ganda laini litoke, na ikikauka inakuwa kama biskuti. Kati ya skrubu na ukuta wa bomba kuna mwanya mdogo, punje ikiteleza mle haina pa kukimbilia. Na korosho bei yake ni uzima wake. Ile tunayoiita W320, yaani punje 300 hadi 320 kwa ratili, lazima ziwe nzima. Zikivunjika, mzani utasoma kilo zilezile ila mnunuzi anakutazama kwa huruma.

Nikampigia. "Mama, mashine hiyo inabeba mahindi, inabeba saruji, itashindwa korosho? Labda mmezikausha vibaya huko kwenu."

Saruji, jamani! Saruji ikivunjika inakuwa nini? Nikamwambia kubeba kingi ni jambo moja na kubeba kinachovunjika ni jambo lingine. Ndipo akaomba aitiwe baba.

Sasa niseme na haki yake. Fundi aliihamishia nyuma ya banda, inapeleka maganda magumu ya nje jikoni kwenye moto. Huko inafanya kazi ya watu watatu, maana maganda hata yakisagika nani atalia? Usumbufu ni kuisafisha kila jioni, mafuta ya maganda yanaganda kama lami na yanaunguza ngozi, usiguse bila glavu. Kwa hiyo mashine yenyewe si mbovu. Mwenye mahindi au pumba anunue tu. Nilikuwa tayari kuipa nyota tatu.

Kwa punje, nilichokiona baadaye kwenye kiwanda kimoja Mtwara mjini ni vindoo vinavyoning'inia kwenye mnyororo. Vinachota chini, vinapanda wima, vinajimwaga juu, punje haisuguani na kitu njiani. Bei yake ilinikalisha chini. Na hata hivyo vindoo, angalia vinamwagia urefu gani, punje ikidondoka kutoka juu kwenye bati tupu itapasuka vilevile. Kama mzigo wako unakwenda usawa, mkanda wa kawaida unatosha, unaokwenda polepole, ila udai ule mweupe wa chakula. Mpira mweusi unaacha harufu. Mimi kwa sasa nimerudi kwenye beseni, na akina mama wananicheka chinichini, nawasikia.

Nyota tatu nilishaziandika kabisa. Juzi simu ikaingia ujumbe, namba ileile: "Habari za siku mama. Msimu umekaribia, tuna mzigo mpya. Baba hajambo?"

Nyota moja.